Wazee Mbele ya Meza ya Seremala: Historia Fupi ya Mabanda ya Wanaume



Katika kitabu hiki wengine wanaeleza habari za wamisionari wa kwanza, za ubatizo na za majengo. Mimi nimepewa sehemu ya kazi na ya uzee. Nimechagua historia iliyoanzia mbali sana nasi, katika nchi ya Australia, kwa sababu inagusa jambo tunalopita mbele yake kila Dominika bila kulitazama: mzee mwanaume aliyeacha kazi, anayefika kwenye Misa, anayeketi kwenye benchi la nyuma, kisha anarudi nyumbani peke yake.

Tuhesabu kidogo. Wamama wana vyama vyao. Vijana wana Kiro na Xaveri. Kuna Legio Maria, kuna wanakwaya, kuna wasomaji. Na wazee wanaume? Tunawaita wakati wa kilio, wakati wa mahari, na wakati wa kukata ugomvi. Siku nyingine zote wanakaa.

Atelie si kitu kigeni kwetu. Mapadri Weupe walipokipokea kituo cha Mpala, kando ya ziwa Tanganyika, mwaka 1885, na walipoanzisha Baudouinville, ndiyo Kirungu ya Moba, mwaka 1893, Mafrere walijenga pamoja na wakristu. Walichoma matofali, walipasua mbao, walifundisha useremala na uashi. Wasalesiani wa Don Bosco nao walifika Elisabethville mwaka 1911 kwa kazi ya shule, na katika shule zao ufundi ulipata nafasi kubwa. Lakini tuangalie vema: atelie hizo zilikuwa za vijana. Mtoto aliingia mjinga, akatoka fundi, akaenda kulisha jamaa yake. Mzee alihesabiwa kuwa mtu aliyemaliza. Kwamba mzee naye ahitaji meza ya kazi, si kwa kupata mshahara, bali kwa kubaki mtu kati ya watu, ni fikra iliyochelewa kuja.

Huko Australia, tangu zamani, mwanaume wa kawaida alikuwa na kibanda nyuma ya nyumba yake. Humo aliweka misumeno na nyundo, alitengeneza kiti kilichovunjika, na, tusifiche, humo alikimbilia alipolemewa na maneno ya nyumbani. Alipozeeka, mara nyingi alihamia nyumba ndogo au makao ya wazee, na kibanda kikaachwa. Kazi ya mshahara imekwisha; wenzake wa kazi wametawanyika; pengine mke amekwisha kufa. Hesabu za serikali ya nchi hiyo zimeonyesha kwamba wanaume waliopita miaka 85 ndio wanaojiua zaidi, kwa kulinganisha na idadi yao, kuliko watu wa umri mwingine wowote. Hilo ni neno zito, na kwetu halitamkwi kwa urahisi. Lakini bila kulitaja historia hii haifahamiki.

Mwaka 1993, katika mji mdogo wa Goolwa, karibu na mahali mto Murray unapoingia baharini, wazee wanaume walifunguliwa banda la kazi. Aliyelifikiri alikuwa mwanamke, Maxine Kitto, aliyekuwa akihudumia wazee wa mji huo. Mwaka 1998, katika Tongala, mji mdogo wa mkoa wa Victoria, Dick McGowan, ambaye mwenyewe alikuwa mgonjwa, alianzisha banda lililopewa waziwazi jina la Banda la Wanaume. Mwaka ule ule, katika Lane Cove, mtaa wa mji wa Sydney, mwanamke mwingine, Ruth van Herk, alifanya vivyo hivyo. Wanawake wawili na mgonjwa mmoja! Katika mwanzo huu hatuoni waziri wala tajiri. Wakubwa walikuja nyuma: mwaka 2005 watu wa mabanda walikutana kwa mara ya kwanza kama taifa zima katika mji wa Lakes Entrance, mwaka 2007 wakaunda chama cha nchi nzima, na mwaka 2010 serikali ikayataja mabanda katika mpango wake wa afya ya wanaume. Ayalandi wakaunda chama chao mwaka 2011, Uingereza mwaka 2013. Siku hizi Australia peke yake ina mabanda zaidi ya 1,000, na Ayalandi, nchi ndogo, ina zaidi ya 400.

Ndani ya banda hufanyika nini? Kwa macho ya mgeni, mambo madogo sana. Kuna siku mbili au tatu za juma zilizopangwa. Wazee wanafika asubuhi, wanachemsha chai, wanagawana kazi. Huyu anapiga randa ubao, yule ananoa patasi, wengine wawili wanabishana juu ya mguu wa meza. Wanatengeneza viti vya shule, vitu vya kuchezea vya watoto, baiskeli zilizotupwa. Vitu hivyo vinatolewa kwa watu wanaovihitaji, au vinauzwa kidogo ili kununua misumari na gundi. Aliyekuwa fundi anamfundisha aliyekuwa karani. Kesho yake karani anamwandikia fundi barua yake ya pansioni. Asiyeweza tena kushika nyundo anaketi na kusimulia, wala hafukuzwi.

Profesa Barry Golding, aliyeyachunguza mabanda haya kwa miaka mingi na kuyaandikia kitabu mwaka 2015, anasisitiza jambo moja ambalo naona ndilo moyo wa historia yote. Mzee akiingia haitwi mgonjwa, haitwi mwanafunzi, haitwi maskini wa kusaidiwa. Hakuna anayemwandika katika daftari ya wenye shida. Ameitwa kwa sababu kuna kazi inayongoja mikono yake. Na watu wa mabanda wana usemi wao kwamba wanaume hawazungumzi uso kwa uso, wanazungumza bega kwa bega. Ukimketisha mzee mbele yako na kumwuliza juu ya huzuni yake, atakujibu kwamba hajambo. Mpe upande mmoja wa msumeno, nawe ushike upande wa pili. Saa moja itapita kwa habari za mbao na za mvua. Halafu, bila kuinua macho, atasema kwamba tangu mkewe alipozikwa halali usingizi, au kwamba anakojoa kwa taabu na anaogopa kwenda hospitali. Mwenzake atamjibu: nami vilevile, twende pamoja. Kwa njia hii mabanda yamewafikisha kwa mganga watu wengi ambao hotuba za afya hazikuwafikisha.

Sisi wakristu tusishangae. Katika Evanjili zote nne Mtakatifu Yosefu hasemi hata neno moja. Tunajua alikuwa mtu wa haki, na tunajua alikuwa seremala. Yezu mwenyewe watu wa Nazareti walimwita seremala, maana yake alikaa miaka mingi karibu na meza ile, bega kwa bega na baba asiyesema sana. Papa Pius wa XII aliweka sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi mwaka 1955. Papa Yoane Paulo wa II aliandika juu ya kazi ya binadamu mwaka 1981, na kufundisha kwamba kazi ni kwa ajili ya mtu, si mtu kwa ajili ya kazi. Mara nyingi mafundisho hayo tumeyasomea vijana na wafanyakazi. Sijui kwa nini tunayafunga siku mtu anapopokea pansioni.

Katika Katanga jambo hili lina uzito wake. Katika miaka ya 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines, katika Lubumbashi, Likasi, Kolwezi na kambi nyingine, waliondoka kazini kwa mpango uliosaidiwa na Benki ya Dunia. Wengi wao walikuwa wamefanya kazi miaka mingi sana. Kulikuwa mafundi wa chuma, wa umeme, wa mbao, wa mashine za moto. Asubuhi moja king'ora kililia, nao hawakuamka kwa ajili yake. Wengi kati yao wamekwisha kufa. Waliobaki ni wazee, na ufundi walio nao katika vidole hauandikwi katika kitabu chochote cha shule. Wajukuu wao wanapita mbele yao wakienda kutafuta mtu wa kuwafundisha kazi!

Wengine watasema: nchi hizo ni za matajiri, zina mashine na serikali yenye feza. Ni kweli, na mtu asidanganyike kwamba tutaiga kila kitu. Lakini mabanda ya kwanza hayakuanza kwa mashine. Yalianza kwa paa, meza, vyombo vichache na mtu wa kufungua mlango kwa saa iliyosemwa. Wengine watauliza kama tunataka kuwatenga wamama. Swali hilo limeulizwa huko pia, na kila banda limejibu kwa namna yake. Mengine yamewafungulia wanawake, mengine yamewapa siku yao. Mimi naogopa zaidi jambo lingine: kwamba banda ligeuke duka. Siku watakapoanza kugombania faida, yule asiyeweza tena kushika nyundo ataambiwa abaki nyumbani.

Mwaka huu wa Jubilei tumepaka rangi kuta za kanisa. Mabenchi hatujayagusa. Kuna yanayoyumba, kuna yaliyopoteza ubao wa kupigia magoti, na yale ya nyuma, wanapoketi wazee, ndiyo mabaya kuliko yote. Mbao zinaweza kupatikana. Siku ya Jumanne na siku ya Alhamisi uwanja wa misioni ni mtupu tangu Misa ya asubuhi mpaka adhuhuri. Naomba halmashauri ya parokia iwaite wazee kwa kazi hiyo, na ufunguo wa chumba cha vyombo ukae mikononi mwao wenyewe.