Waliolidharau dansi ndio waliolitunza

Mwaka 2011 kampuni ya Sterns ya London ilitoa albamu ya nyimbo za zamani za Vijana Jazz, bendi iliyoanzishwa mwaka 1971 chini ya Umoja wa Vijana wa TANU na ambayo wapenzi wake waliizoea pale Vijana Hostel, Kinondoni. Nyimbo hizo zilirekodiwa kati ya 1975 na 1980, enzi za mwimbaji Hemedi Maneti na mitindo ya Koka Koka na Kamata Sukuma. Zimesafishwa kiasi kwamba besi, ambayo kwenye santuri zetu zilizochakaa ilinguruma tu kama lori linalopita nje, sasa inafuatika noti kwa noti. Juu ya jalada wameandika The Koka Koka Sex Battalion. Bendi ya vijana wa chama! Sidhani kama bango lenye maneno hayo lingedumu hata usiku mmoja mlangoni pa hosteli ile.

Hiyo si albamu ya kwanza ya aina yake. Tangu miaka ya 1980 muziki wa bendi zetu za "jazz" umekuwa ukirudi kwa njia za mbali: Original Music ya Marekani, Africassette ya Detroit, Dizim ya Ujerumani, Buda Musique ya Paris na mfululizo wake wa Zanzibara. Bendi zenyewe hazikupiga jazi ya New Orleans. Dar es Salaam Jazz ya miaka ya 1930, Morogoro Jazz ya 1944, Kilwa Jazz na Western Jazz za mwishoni mwa miaka ya 1950 zilikuwa bendi za dansi, na mwalimu wao mkubwa alikuwa Cuba, kupitia sahani za muziki wa Cuba za mfululizo wa G.V. zilizouzwa Afrika Mashariki tangu miaka ya 1930. Salum Abdallah wa Morogoro alianza na bendi ya La Paloma mwaka 1948, kisha akaiita bendi yake Cuban Marimba, na hakuna aliyemuuliza kama amewahi kufika Havana.

Jambo ambalo majalada hayo hayalisemi waziwazi ni kwamba nyimbo zilizookolewa zilichaguliwa na watu waliokuwa na ugomvi wao wa muda mrefu kuhusu muziki wetu. Wawili kati yao walikuwa Waingereza, na hawakukubaliana karibu katika lolote.

Wa kwanza ni Hugh Tracey. Alizaliwa Devon mwaka 1903, akahamia Rhodesia ya Kusini akiwa kijana kulima tumbaku, na huko akapenda nyimbo za wafanyakazi wa shambani kuliko tumbaku yenyewe. Mwaka 1950 alipita Kenya, Uganda na Tanganyika na mitambo yake, akirekodi zeze, marimba, ngoma na waimbaji wa vijijini. Mwaka 1954 alianzisha huko Afrika Kusini Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika, na mfululizo wake wa Sound of Africa ulifika santuri 210. Hakuna mtu mwingine wa kizazi chake aliyeacha sauti nyingi kiasi hicho za eneo hili la dunia.

Lakini Tracey hakuwa msikilizaji tu, alikuwa hakimu. Aliandika na kuhubiri kwamba muziki wa asili unaliwa na muziki wa kuiga, na kwamba Mwafrika wa mjini mwenye gitaa anapoteza kitu asichojua thamani yake. Wapinzani wake wamemjibu kwa ukali hadi leo: mzungu wa enzi ya ukoloni, anayelipwa na kampuni ya santuri ya Gallo, alipata wapi mamlaka ya kuamua Mwafrika wa kweli asikike vipi? Swali ni la haki. Kinachonivutia mimi zaidi ni kwamba mtambo wake ulimsaliti. Mwaka 1952, kule Jadotville katika Katanga, ambako leo panaitwa Likasi, alimrekodi kijana mmoja anayeimba kwa Kiswahili na kupiga gitaa kavu kwa vidole. Alikuwa Jean Bosco Mwenda, na wimbo wake Masanga ukawa shule ya wapiga gitaa kuanzia Lubumbashi hadi Nairobi. Miaka miwili kabla ya hapo, Kapkatet nchini Kenya, Tracey alirekodi wasichana wa Kikipsigis wakiimba kuhusu Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani waliyemjua kwa santuri tu. Hata bendi za dansi alizipitia. Michael Baird wa Uholanzi alipozisafisha rekodi hizo baadaye, alipata za kutosha kutoa albamu nzima ya bendi za enzi ya ukoloni, zikiwemo za Tanganyika.

Ingekuwa rahisi kumwachia Tracey lawama zote na kuendelea, ila tulikuwa na akina Tracey wetu. Tarehe 10 Desemba 1962, akihutubia Bunge baada ya kuapishwa kuwa Rais, Mwalimu Nyerere aliwasema wasomi waliojua rumba, chachacha na twisti lakini hawakujua ngoma za gombe sugu wala lelemama, na akatangaza wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Mwaka 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku jijini Dar es Salaam. Hofu ilikuwa ileile ya Tracey, safari hii kwa sauti ya mtu aliyepigania uhuru, na kwa hiyo ilikuwa na uzito ambao Tracey hakuwa nao.

Halafu serikali ileile ikageuka kuwa mwenye bendi. NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Polisi, Magereza, jeshi, kiwanda cha nguo cha Urafiki, vijana wa chama: kila mmoja na bendi yake, mishahara na vyombo. Rumba iliyosemwa bungeni ikaajiriwa. Radio Tanzania, katika jengo lake la Barabara ya Pugu, ikawarekodi karibu wote, kwa sababu nchi haikuwa na kiwanda cha kugonga santuri na si kila bendi iliweza kufika Nairobi. Mashairi yalipitiwa kwanza na wakubwa wa redio. Yakipita, bendi nzima iliingia studio na kupiga kwa mkupuo mmoja, na mmoja akikosea wote walianza upya. Mkanda ukabaki redioni. Waliotilia shaka dansi ndio waliolitunza vizuri kuliko mtu yeyote, na hawakukusudia.

Mwingereza wa pili, John Storm Roberts, alikuwa upande mwingine kabisa. Alizaliwa London mwaka 1936, akafanya kazi ya uandishi Nairobi katika gazeti la East African Standard miaka ya 1960, akirundika santuri ndogo ambazo wenzake hawakuzijali. Kitabu chake cha mwaka 1972, Black Music of Two Worlds, kilidai kwamba muziki wa Afrika na wa Amerika umekuwa ukivuka Atlantiki kwenda na kurudi, na kingine cha 1979, The Latin Tinge, kiliwakera baadhi ya wapenzi wa jazi wa Marekani kwa kusema deni lao kwa Cuba ni kubwa kuliko wanavyokiri. Kwake, mchanganyiko haukuwa ugonjwa. Ndivyo muziki unavyoishi. Mwaka 1982 alianzisha Original Music, akatoa The Tanzania Sound, na mwaka 1995 kampuni hiyo ikatoa Dada Kidawa, mkusanyo wa nyimbo za miaka ya 1960 alioutayarisha Mjerumani Werner Graebner.

Nampenda Roberts kuliko Tracey, nakiri. Hata hivyo sikio lake nalo lilikuwa na upendeleo. Mtu anayetafuta Cuba ndani ya Tanganyika ataipata, na nyimbo zinazomthibitishia hoja ndizo zitakazoingia kwenye albamu. Tena alichota kwenye santuri ndogo, nazo zilibeba dakika tatu au nne kila upande. Wimbo mrefu ulikatwa, sehemu ya kwanza huku, ya pili kule, na mara nyingine ile chemko, pale magitaa yanapokaza mwendo na ukumbi wote unainuka, ilipunguzwa au haikurekodiwa kabisa. Fundi wa London au Paris anaweza kuondoa mikwaruzo, kurekebisha kasi ya santuri iliyozungushwa vibaya na kuunganisha pande mbili. Hawezi kurudisha kitu ambacho hakikuwahi kuchongwa kwenye santuri.

Mikanda ya Barabara ya Pugu ndiyo iliyokuwa na wimbo mzima. Ushahidi upo katika albamu ya Mlimani Park ambayo Africassette iliitoa mwaka 1994 kwa jina la Sikinde, kutoka rekodi za Radio Tanzania: nyimbo zinaachwa zikimbie hadi mwisho, na uongozi wa Michael Enoch unasikika katika kila mwingiliano wa gitaa na tarumbeta. Mtu aliyewahi kuwaona Mlimani Park, yaani Sikinde, na Msondo, bendi iliyotokana na NUTA Jazz, wakipambana TCC Chang'ombe atakuambia kwamba watu wa Temeke hawakulipa kiingilio kwa ajili ya beti mbili za mwanzo.

Kwa hiyo wanaozozana leo kuhusu nani alikuwa mhifadhi bora, Tracey au Roberts, wanagombania nusu ya mali. Nusu nyingine iko TBC, mrithi wa redio ile. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 vijana wa Tanzania Heritage Project walipigia kelele mikanda ile ihamishiwe kwenye dijitali kabla haijaoza, wakikumbusha pia kwamba wanamuziki wengi walilipwa kidogo mara moja tu, siku ya kurekodi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mpigaji haki katika onyesho lake, sio mtunzi peke yake, na COSOTA, chombo cha kusimamia hakimiliki nchini, ipo. Albamu inayofuata ya Vijana Jazz au ya NUTA ingeweza kusafishwa Dar es Salaam, kutoka mkanda wa kwanza, chemko yote ikiwemo, na mpiga besi akaandikwa jina lake jaladani na kulipwa kwa kila nakala.