Kupiga Mfarishi

Tazama koti zito analovaa dereva wa bodaboda alfajiri ya Julai huko Njombe au Limuru. Kifuani na mgongoni limepitiwa na mistari ya mshono, mara imenyooka, mara imekatana ikafanya umbo la almasi. Kazi ya mistari ile ni kushika vitu vitatu vilivyolaliana: kitambaa cha nje, pamba ya katikati na bitana. Ikifumuka, koti likifuliwa mara mbili tatu pamba yote huporomoka ikajikusanya kwenye pindo la chini, na mabega yakabaki na kitambaa kitupu.

Mshono wa namna hiyo ndio Kiingereza kinauita quilting, na nguo ya kujifunika au kutandika inayotengenezwa kwa mshono huo kinaiita quilt. Wafasiri wetu wakikutana na maneno hayo hushika lolote lililo karibu. Utasoma "kushona viraka", utasoma "kudarizi", na mara nyingine "blanketi la viraka" kwa kitu ambacho hakina kiraka hata kimoja. Maneno hayo yanaficha hatua moja ya kazi, nayo kwangu ndiyo tamu kuliko zote, kwa hiyo nataka tuipe jina lake.

Tuanze na viraka. Kiraka ni kipande kinachofunika palipochanika. Anayetengeneza uso wa rangi nyingi hafuniki tundu lolote: anakata vipande, miraba na pembetatu, anaviunga ukingo kwa ukingo mpaka apate kitambaa kipana. Hiyo ni kuunga, na Kiswahili kina neno hilo tangu zamani, hakihitaji msaada. Lakini ukimaliza kuunga, ulichonacho ni kitambaa tu. Ni chepesi, nyuma kimejaa kingo zinazochomoza nyuzi, na hakimkingi mtu na baridi. Tena hatua hiyo si ya lazima. Jumba la makumbusho la Victoria and Albert mjini London lina mfarishi ulioshonwa Sicily katika miaka ya 1360 hadi 1400, wenye picha za kisa cha Tristan, shujaa wa hadithi za kale za Ulaya. Picha zote zimetokana na mshono uliopita kwenye tabaka mbili za kitani, na pamba iliyojazwa katikati ikaziinua zikaumuka kama zimechongwa. Ni kazi ya mfarishi mtupu, bila kipande kilichoungwa ili kupata mapambo.

Kudarizi nako ni jambo jingine. Uzi wa darizi unapamba. Ukiufumua, nguo inabaki nguo ileile, imepoteza ua lake tu. Uzi wa mfarishi unabeba. Ukiufumua, unabaki na vitu vitatu visivyojuana.

Kwa kitu chenyewe hatuna shida ya jina, kwa sababu kamusi zetu zina neno mfarishi, lenye mzizi wa Kiarabu unaohusu kutandika na kutandaza, kwa maana ya tandiko au nguo ya kujifunika iliyotiwa pamba. Nimeshalitumia hapo juu na naamini msomaji hakujikwaa. Ni neno linalostahili kurudishwa madukani, ambako sasa kila kitu chenye pamba ni "duveti". Duveti ni mfuko uliojazwa, na mara nyingi una foronya yake. Mfarishi umeshonwa ukawa kitu kimoja.

Shida iko kwenye kitenzi. Ukiunda "kufarishi", sikio linalojua Kiarabu litasikia kutandika kitanda, na sikio lisilojua Kiarabu halitasikia chochote. Ukisema "kushona mfarishi", umetaja kazi nzima kuanzia kukata vipande hadi kutia pindo, na hatua tunayoitafuta imezama humo ndani. Mimi napendekeza "kupiga mfarishi". Kiswahili hutumia kupiga mara nyingi pale ambapo mkono unapita na kurudia mwendo uleule juu ya eneo pana: tunapiga pasi, tunapiga lipu, tunapiga randa, tunapiga msasa. Mafundi wa nguo nao hupiga bandi wanaposhikiza vitambaa kabla ya mshono wenyewe. Waarabu walipita njia hiyohiyo, kwani kitenzi chao cha kushona godoro au nguo iliyojazwa pamba, darraba, kinatokana na mzizi wa kupiga. Anayeogopa kwamba "kupiga mfarishi" kutaeleweka kuwa kuupiga fimbo ili kutoa vumbi atulie: vumbi hukung'utwa.

Basi kazi inakwenda hivi. Unaunga uso, kama umeamua kuuunga. Unatandaza bitana sakafuni ikiwa imevutwa vizuri, unalaza pamba juu yake, kisha uso. Unashikiza tabaka zote tatu kwa pini au kwa nyuzi ndefu za bandi, kila baada ya upana wa kiganja, kuanzia katikati kuelekea nje ili makunyanzi yakimbilie kingoni. Ndipo unapiga mfarishi. Mwisho unakunga pindo.

Kwa mkono, sindano inayotumika ni fupi na nyembamba. Mkono wa juu unaisukuma kwa subana, na kidole cha mkono wa chini kinangoja ncha. Kikishaihisi tu, kinakiinua kitambaa kidogo, sindano inalazwa, inarudi juu. Hivyo inayumba kama mtumbwi, chini na juu, na hukusanya nukta za mshono tatu au nne kabla uzi haujavutwa. Fundo halionekani popote: unaliacha juu ya kitambaa, unauvuta uzi kwa nguvu ya kipimo, na fundo linapenya kwa mlio mdogo likabaki ndani ya pamba. Mlio huo ukiusikia mara ya kwanza utautafuta tena. Mabingwa hupata nukta nne au zaidi katika kila sentimita, lakini anayeanza asijitese na idadi. Nukta mbili zilizolingana zinapendeza kuliko nne zinazopishana urefu.

Na hapa ndipo raha yenyewe ilipo. Mstari wa mshono unazama, palipoachwa panainuka, na mwanga wa dirisha ukipita ubavuni unaona vivuli ambavyo hukuvichora. Uso wa rangi moja, kwa mfano shuka jeupe lisilo na lolote, unaweza kujaa mawimbi, majani au miraba kwa njia hiyo tu. Ukipiga mistari iliyosongamana, mfarishi unakuwa bapa na mgumu kidogo. Ukiiachanisha, unabaki laini na wenye kuumuka. Pamba yenyewe ina sharti lake. Ile ya zamani isiyogandamizwa ilitaka mshono kila sentimita 5 hivi, la sivyo ilijikusanya mabonge baada ya kufuliwa. Za siku hizi, zilizochomwachomwa kwa sindano za kiwandani zikashikana, nyingine zinavumilia nafasi ya sentimita 20 hadi 25, na kipimo huandikwa kwenye pakiti. Kuchagua mistari ipite wapi ni kuamua mfarishi utaonekanaje, utamlalia vipi mtu mwilini na utadumu muda gani.

Kuna watu ambao kwao maneno yangu mawili, kuunga na kupiga, ni tendo moja, nao wana undugu na pwani yetu. Katika misitu ya Uttara Kannada, jimbo la Karnataka nchini India, wanaishi Wasiddi, watu wenye asili ya Afrika. Mababu wa wengi wao walipelekwa Goa na Wareno wakiwa watumwa kuanzia karne ya 16, na waliotoroka wakajificha bara. Ndugu zao wa Gujarat mpaka leo wana ngoma wanayoiita goma. Wanawake wa Kisiddi wa Karnataka hushona mfarishi uitwao kawandi. Hutandaza sari kuukuu iwe bitana, kisha mshonaji anaanzia kona moja. Anaweka kipande cha nguo chakavu, anakunja ukingo wake, anakishona papo hapo mpaka chini kwa mshono wa kawaida wa kuingia na kutoka. Kinafuata kingine kilichopanda kidogo juu ya cha kwanza. Anazunguka ukingo wote, halafu duru nyingine ndani yake, na nyingine, mpaka mistari yote ikutane katikati. Kwenye kona nne hutia phula, yaani ua: vipande vidogo vilivyokunjwa pembetatu na kupangwa kimoja juu ya kingine. Kawandi isiyo na phula huhesabiwa kuwa uchi.

Linganisha na utaratibu nilioueleza. Wengine wanatoka katikati kwenda nje kwa sababu uso wao umeshaungwa, na kitambaa kinachozidi lazima kisukumwe kingoni. Msiddi anatoka nje kwenda katikati, naye hana wasiwasi, kwa kuwa uso wake haujawa bado. Unazaliwa chini ya sindano, kipande kwa kipande, na kila kipande kinakatwa kulingana na nafasi iliyobaki. Hapimi kitu mapema. Mtu mwenye kanga na mashuka yaliyochoka kabatini, asiye na pesa za kununua pamba wala vifaa vya kukatia, angeanza kwa njia hii kabla ya nyingine yoyote.

Huko Marekani, ambako mifarishi ni mapenzi ya watu wengi, hatua hizi zimetenganishwa kwa namna nyingine. Siku hizi wengi wanaunga uso kisha wanaupeleka kwa fundi mwenye mashine ya mkono mrefu, ambayo kichwa chake hutembea juu ya mfarishi uliotandazwa kwenye fremu. Wanalipa kwa ukubwa wa eneo, wanarudishiwa kazi iliyokamilika. Siwalaumu. Mfarishi wa kitanda kikubwa ni mzigo, na migongo mingine haiwezi. Ila naona wanampa mtu mwingine sehemu ambayo kitambaa kinageuka kuwa mfarishi, na wengi hufanya hivyo kwa hofu tu ya kuharibu.

Kumpa mwingine kuna historia yake nzuri pia. Gee's Bend, kijiji cha Wamarekani weusi kwenye kona ya Mto Alabama, kilijulikana duniani baada ya mifarishi yake kuonyeshwa kwenye Museum of Fine Arts, Houston, mwaka 2002, na mwaka 2006 ikatiwa kwenye stempu za posta. Kule desturi ilikuwa kwamba uso anauunga mtu peke yake, kwa suruali za kazi zilizochakaa na chochote kilichopo, kwa jicho lake. Kupiga ndiko kulikowakusanya majirani, wakikaa kuizunguka fremu, nyuzi zikienda na mazungumzo. Mikono iliyopiga ilijulikana ni ya nani. Hilo ni tofauti kabisa na kuuweka uso ndani ya boksi la posta.

Wapo pia waliodhani kwamba kupiga kwa mashine si kupiga. Mabishano hayo yalipamba moto mwaka 1989, pale mfarishi wa Caryl Bryer Fallert, Corona II: Solar Eclipse, ulipopata tuzo kuu ya American Quilter's Society huko Paducah, Kentucky, ukiwa wa kwanza uliopigwa kwa mashine kushinda pale. Baada ya hapo ilikuwa vigumu kusema kwamba cherehani haina nafasi.

Nasi cherehani tunazo. Mfarishi wa mtoto, au foronya ya mto, unaingia vizuri chini ya cherehani ya kawaida ya nyumbani. Matatizo mawili yanajulikana. Kwanza, meno ya chini yanavuta bitana huku mguu wa kawaida ukikizuia kitambaa cha juu, tabaka zinahamana na makunyanzi yanatokea. Kwa mistari iliyonyooka dawa yake ni mguu wenye meno yake juu, unaotembea pamoja na yale ya chini. Ukiukosa, shikiza kwa pini nyingi zaidi na usikimbie. Pili, mistari ya mviringo. Hapo meno hushushwa, au hufunikwa kwa bamba kwenye mashine za zamani zisizoweza kuyashusha, na mikono yako ndiyo inayousogeza mfarishi. Urefu wa nukta unatokana na mwendo wa mikono na mwendo wa mguu kwenye kanyagio. Mikono ikitulia wakati mguu unakimbia, nukta zinarundikana pamoja. Mikono ikikimbia, zinakuwa ndefu kama za bandi. Jaribu kwanza kwenye mabaki: tabaka tatu za ukubwa wa ukurasa wa gazeti, uandike jina lako kwa uzi mpaka lisomeke.

Chagua uzi unaofanana na rangi ya kitambaa kwa kazi ya kwanza, na bitana yenye maua maua, kwa sababu vyote viwili vinasamehe. Anza na mistari iliyonyooka inayofuata maungio, upana wa kidole kutoka kwenye kila ungio. Na usiukague mfarishi kabla haujafuliwa. Pamba ikilowa mara ya kwanza hujikunja kidogo, asilimia 3 hadi 5 hivi, kitambaa kinajikusanya kando ya kila mstari, na nukta nyingi zilizopinda hazionekani tena.