Donge la Jana

Yasimuliwa kwamba mwaka 1889 mwokaji Raffaele Esposito wa Napoli alimpelekea Malkia Margherita wa Italia piza tatu, naye akaipenda mno ile ya nyanya, jibini na majani ya rihani, ikapewa jina lake. Hadithi tamu, ila wanahistoria wameitilia shaka ile barua ya shukrani inayotolewa kuwa ushahidi. Na hata ingalikuwa kweli tupu, yahusu mapambo ya juu. Juu ya donge lenyewe haisemi neno.

Donge ni kongwe kuliko malkia. Hati ya mji wa Gaeta ya mwaka 997 yataja piza kumi na mbili zilizopaswa kutolewa kwa askofu kila Krismasi, na kumi na mbili nyingine kila Pasaka. Piza zisizo nyanya, maana nyanya ilikuwa bado haijavuka bahari kutoka Amerika.

Siri yake ni hamira, neno tulilolipokea kwa Waarabu, lenye shina moja na khamri. Louis Pasteur alianza kueleza kazi ya uchachu mwaka 1857: ni viumbe hai vinavyokula sukari na kutoa hewa, na hewa hiyo ndiyo iumuayo donge. Wakandaji hawakumngojea. Wanapoli walikata kipande cha donge la leo wakakiweka kichachushe la kesho, walikiita criscito. Kila mkate ulikuwa na nasaba, mithili ya ukoo wa masharifu.

Lakini wakandaji wa majumbani hawakupata mwandishi. Matilde Serao, aliyeisawiri Napoli ya mafukara mwaka 1884, aliiona piza njiani, ikiuzwa vipande vipande; wengi wa mafukara hao waliishi chumba kimoja, na tanuri lilikuwa la mtaa. Kitabu cha mapishi cha Pellegrino Artusi, kilichotoka kwanza mwaka 1891, ndicho kilichoingia majikoni mwa wenye nafasi. Humo piza ya Kinapoli ni kitu kitamu cha jibini na lozi! Mwaka 2017 UNESCO iliitukuza sanaa ya waokaji wa Napoli. Ni haki yao. (Piza ya Forodhani, Unguja, ni ukoo mwingine: donge lake halitiwi hamira, nduguye ni chapati.)

Akandaye nyumbani hahitaji mengi. Kwa lita 1 ya maji, Wanapoli hutia unga kilo 1.6 hadi 1.8, chumvi gramu 50 hivi, na hamira isiyozidi gramu 3. Uchache huo ndio ufundi: donge huumuka taratibu, likapata ladha ambayo hamira nyingi na haraka haziileti. Hukandwa mpaka livutike bila ya kukatika, likafunikwa kwa kitambaa kibichi. Tanuri la kuni hufika nyuzi 430 na zaidi, piza ikaiva kwa dakika moja na nusu. Jiko la nyumbani aghalabu huishia 250. Basi sinia la chuma hutangulizwa motoni mpaka lishike joto lote la jiko, ndipo donge likalazwa.