Fedha za Karanga na Fedha za Mihogo

Leo nataka tutazame jinsi serikali ya Uingereza ilivyotumia fedha za walipa kodi wake kwa kustawisha nchi za ng'ambo, na hasa Tanganyika. Habari zenyewe ni mbili. Moja yajulikana sana kwa sababu ya aibu yake. Ya pili wachache waijua, ingawa imo katika vyungu vya watu wengi.

Mwaka 1940, vita vikiwa vimepamba moto, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuruhusu hadi pauni 5,000,000 kila mwaka kwa maendeleo ya makoloni, na mbali na hizo, hadi pauni 500,000 kwa uchunguzi wa kitaalamu. Angalieni vipimo hivyo: kumi kwa moja.

Hata vita vilipokwisha, Waingereza walipungukiwa na mafuta ya kula. Mwaka 1946 watu watatu, mkubwa wao John Wakefield, walitumwa Afrika kutazama ardhi. Walizunguka kwa muda wa wiki tisa tu, wakarudi na shauri la kulima karanga katika eka zaidi ya 3,000,000. Kazi ikaanza Kongwa, katika nchi ya Wagogo. Vichaka vikayashinda matrekta. Udongo ulipopigwa na jua la kiangazi ukakauka kama tofali, karanga zisichimbike. Na mvua ikawa haba. Habari ya mvua hiyo Mgogo ye yote angaliweza kuwaeleza, lau wangalimwuliza! Januari 1951 mpango ukavunjwa, na pauni 36,000,000 hivi zikawa zimepotea. Gawanyeni fedha hizo kwa zile 500,000 za uchunguzi, mtapata miaka 72.

Sasa tupande milima ya Usambara mpaka Amani, mahali ambapo Wajerumani walijenga kituo cha uchunguzi wa mimea mwaka 1902, na Waingereza wakakirithi. Adui wa huko alikuwa batobato, ugonjwa wa mihogo ulioelezwa katika maandishi na Mjerumani Warburg mwaka 1894. Majani hupata mabaka ya manjano na kujikunja, mizizi ikadumaa. Wanaoueneza ni inzi weupe wadogo sana.

Katika miaka ya 1930 H. H. Storey na R. F. W. Nichols walitafuta mhogo usioshindwa na ugonjwa huo. Walimwendea ndugu yake wa mbali, mti mmoja wa mpira, ambao mizizi yake si chakula. Wakatia unga wa ua la mmoja katika ua la mwenziwe. Kisha mtoto aliyezaliwa wakamwoza tena kwa mhogo, na mjukuu vivyo hivyo, hata wakapata mimea yenye mizizi ya kuliwa na nguvu za ule mti. Kazi hiyo ilikula miaka, wala haikuwa na kishindo cha matrekta.

Katika miaka ya 1950 mbegu za uzao huo zilipelekwa Nigeria. Huko Ibadan kilianzishwa mwaka 1967 chuo cha mataifa cha uchunguzi wa kilimo, ambacho wataalamu wake waliitumia mihogo ya asili ya Amani kuzalisha aina mpya. Hata batobato kali ilipoingia Uganda na watu wakaacha mashamba yao ya mihogo, vipando walivyogawiwa wakulima katika miaka ya 1990 vilikuwa vya aina hizo za Ibadan, wajukuu wa ule mti wa mpira wa Usambara.