Juu ya nini wasichana wa Kasongo na Kabambare walichelewa masomoni?



Kila mara tunapohesabu wenye lisansi wa kwetu, wasichana wanaonekana wachache, na jibu linakuja haraka: ni mila, ni wazazi wa kijijini, ni juu ya Uislamu. Leo naomba tuangalie historia kidogo. Mimi naona kwamba shule yenyewe, tangu ilipoanza, ilimpangia msichana njia fupi, kiisha watu wakasema ni yeye aliyechoka kutembea.

Tuanzie kabla ya shule. Mwaka 1871 Livingstone alikaa Nyangwe, pembeni ya Lualaba, katika teritwari yetu ya Kasongo. Alishangaa kuona soko kubwa, na wauzaji wengi ni wamama. Tarehe 15 Julai watu wa mfanyabiashara Dugumbe walifyatua bunduki katikati ya soko hilo. Livingstone aliandika kwamba siku ile kulikuwa na watu kama 1,500. Mamia walikufa kwa risasi au kwa kuzama mtoni, wengi wao wanawake. Naikumbusha habari hii kwa sababu inaonyesha pia kwamba mama wa Maniema alikuwa tayari mkulima na mfanyabiashara. Hakungoja mtu aje kumfundisha kazi.

Shule za misioni zilitufikia kutoka upande wa Tanganyika. Kule Kibanga, Mpala na Baudouinville (leo Moba), Mapadri Weupe walikusanya watoto yatima na wale waliokombolewa kutoka utumwani. Wavulana walilelewa kwa mapadri, wasichana kwa masista. Lengo halikufichwa: msichana aolewe na kijana Mkristo, na kijiji cha Kikristo kizaliwe. Alisoma katekisimu, akajifunza kushona, kufua na usafi wa nyumba. Mtindo huo ndio uliosambaa katika eneo lote la Askofu Victor Roelens, na Maniema yetu ya kusini ilikuwa ndani yake.

Serikali nayo ilikubali hivyo. Mwaka 1906 Dola Huru ya Kongo ilipatana na Vatikani: misioni zipewe ardhi, nazo zifungue shule, hasa za kilimo na kazi za mikono. Leta ilihitaji makarani na maseremala. Msichana hakuwa kwenye hesabu hiyo, ila kama bibi wa karani.

Sasa tuangalie mwaka 1917. Mwezi wa Julai, Stefano Kaoze alipewa upadri kule Baudouinville, Mkongomani wa kwanza wa nyakati hizo. Mwaka ule ule kilimo cha lazima kilitangazwa, na Maniema ilikuwa kati ya maeneo ya kwanza ya pamba. Kwenye karatasi mlimaji alikuwa mwanaume, siku 60 kwa mwaka. Sisi wa agronomia tunajua pamba ni nini: palizi haingoji, kuchuma hakungoji, na muhogo na mpunga wa nyumbani navyo vinahitaji mikono. Kazi ile iliangukia wamama na watoto. Mzazi aliyemzuia binti yake shambani hakuwa lazima adui wa masomo. Alikuwa anahesabu mikono, juu ya kuogopa faini na kiboko.

Na Waislamu? Kasongo na Kabambare walikuwa na vyuo vya Kurani kabla ya shule ya misioni. Lakini shule zilizopata pesa za serikali zilikuwa karibu zote za Wakatoliki. Kumpeleka mtoto kule ilikuwa kumpeleka kwenye ubatizo. Wengi walikataa, na binti ndiye aliyekataliwa wa kwanza. Shule za serikali zisizo za dini zilikuja na waziri Buisseret kuanzia 1954, miaka sita tu kabla ya uhuru.

Mabadiliko ya masomo ya 1948 yalifungua sekondari ya kweli kwa wavulana. Wasichana walipewa hasa shule za kazi za nyumbani na za walimu wa kike, huku Kifaransa, lugha ya ofisi, kikipewa uzito mdogo. Matokeo tunayajua: Mkongomani wa kike wa kwanza kumaliza sekondari ni Sophie Kanza, mwaka 1961. Tangu upadri wa Kaoze ilipita miaka 44.

Mtu atasema dunia nzima ilikuwa hivyo. Siyo kabisa. Japani nayo ilitaka msichana awe mke mwema, na shule zake zilifundisha kushona ili wazazi wa vijijini wakubali. Lakini sheria ya 1872 ilitaka watoto wote wasome, wa kiume na wa kike, na kufika 1910 karibu wasichana wote walikuwa wameandikishwa shule ya msingi. Kumbe sindano peke yake haikuwa shida. Shida ya kwetu ilikuwa kwamba baada ya sindano hakukuwa na mlango mwingine.

Kiisha zikaja vita: 1964, 1996, 1998. Kila mara shule zilifungwa, na msichana aliyeacha masomo aliolewa kabla shule haijafunguliwa tena. Tangu 2019 shule ya msingi ya serikali ni bure. Sekondari bado inalipwa, na hapo ndipo mabinti wetu wanapobaki.

Basi tuache kusema "mila" kama vile imemaliza maneno. Na sisi wenyewe tujiangalie: tukipeleka mbegu mpya kijijini, mara nyingi tunaita wanaume kwenye mkutano, sawa vile moniteri wa wakati wa pamba, wakati anayepanda ni mama.

Napendekeza mambo mawili. La kwanza, chama kichague wasichana wachache wa mwaka wa tano na wa sita, Kasongo na Kabambare, tuwasaidie malipo mpaka diploma ya serikali. La pili, kila mmoja wetu aulize bibi yake: ulisoma wapi, ulifundishwa nini, nani alikutoa shuleni? Andikeni majibu yao hapa, maana mabibi waliosoma kwa masista kabla ya uhuru wanabaki wachache.