Ukomo wa Muda na Madai ya Wafanyakazi Waliodhuriwa na Mionzi

Mwaka 1927 wanawake watano waliowahi kupaka rangi nyuso za saa mjini Orange, New Jersey, waliishtaki kampuni ya United States Radium Corporation. Rangi hiyo, iliyong'aa gizani, ilikuwa na radiamu. Ili nambari zitoke nyembamba, walifundishwa kuchongoa ncha ya brashi kwa midomo, kuchovya, kisha kupaka. Kila walipochongoa, walimeza kidogo. Radiamu hufuata njia ya kalisi mwilini: huingia mifupani na kukaa humo. Miaka ilipita ndipo meno yakaanza kung'oka na mataya kuoza.

Kampuni ilikuwa na kinga nyepesi. Sheria ya jimbo ilimpa mdai miaka miwili tu ya kufungua shauri, na Grace Fryer, aliyeongoza wenzake, alikuwa ameacha kazi tangu 1920. Wakili wao, Raymond Berry, alijibu kwamba radiamu ingali mifupani na inadhuru kila siku, kwa hiyo muda haujakwisha.

Makala hii inashikilia kwamba mashauri ya namna hii hayakwami kwa sababu ya uchanga wa sayansi peke yake. Hukwamishwa na kanuni zilizotungwa kwa ajili ya ajali za wazi. Aliyekatwa kidole na mashine anaijua siku na anaijua mashine. Aliyemeza radiamu hajui lolote kati ya hayo, na kumbukumbu za kumfumbua macho mara nyingi anazo mdaiwa.

Amelia Maggia, mpaka rangi mwenzao, alipofariki 1922, kifo chake kiliandikwa kuwa cha kaswende. Maiti yake ilifukuliwa 1927, na mifupa ilipowekwa kwenye filamu gizani iliacha alama za mionzi. Ndugu zake wawili walikuwa miongoni mwa wadai wale watano. Wangewezaje kushtaki ndani ya miaka miwili, ilhali cheti chenyewe kilitaja ugonjwa mwingine?

Shauri liliishia kwenye suluhu, Juni 1928: dola 10,000 kwa kila mmoja, dola 600 kwa mwaka, pamoja na gharama za matibabu. Kampuni haikukiri kosa, wala hukumu ya kuwafaa wengine haikupatikana.

Huko Ottawa, Illinois, kampuni ya Radium Dial, iliyopaka nyuso za saa rangi yenye radiamu pia, iliwapima wafanyakazi wake 1925 na kuwaficha majibu. Mmoja wao, Catherine Donohue, alitoa ushahidi 1938 akiwa amelala nyumbani kwake, akashinda mbele ya tume ya jimbo, akafariki Julai mwaka huohuo. Rufaa za kampuni zilikoma Oktoba 1939, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipokataa kulisikiliza shauri.

Watetezi wa ukomo wa muda husema mashahidi hufa na nyaraka hupotea, hivyo si haki kumwita mdaiwa baada ya miongo. Hoja hiyo ina uzito, ila inamkinga hata aliyeficha nyaraka mwenyewe. Ni sawa zaidi kuhesabu muda tangu mgonjwa alipojua chanzo cha maradhi yake.

Hilo nalo halitoshi, kwa kuwa kujua chanzo si sawa na kuweza kukithibitisha. Huko Shinkolobwe, Katanga, nchini Kongo, vibarua wa enzi ya Wabelgiji walichambua kwa mikono mawe ya urani, ambayo sehemu yake kubwa ilikwenda kwenye mradi wa bomu la atomiki la Marekani. Bunge la Marekani lilipotunga sheria ya fidia kwa waliodhuriwa na mionzi 1990, kwa upande wa wachimbaji iliwagusa wa nchini humo tu. Pale ambapo mwajiri hakuweka kumbukumbu za vipimo vya mionzi, mzigo wa ushahidi unapaswa kumhamia yeye.