Elekeza upya na andika upya

elekeza upya kt [ele] (tarakilishi) kiarifu kivinjari kwamba ukurasa ulioombwa uko kwenye anwani nyingine, ili kiuombe huko. *nm* uelekezaji upya.

andika upya kt [ele] (tarakilishi) kwa seva: geuza anwani iliyoombwa kuwa nyingine ndani kwa ndani, bila kukiarifu kivinjari. *nm* uandikaji upya.

Matumizi. Ni rahisi kwa mfasiri kuvichanganya vitenzi hivi, kwa kuwa vyote viwili humfikishia msomaji ukurasa wenye anwani tofauti na ile aliyoiomba. Katika kuelekeza upya, seva hujibu kwa msimbo wa hali, kama 301, pamoja na anwani mpya. Kivinjari hutuma ombi la pili, na anwani inayoonekana hubadilika. Katika kuandika upya, ombi ni moja tu na anwani inayoonekana haibadiliki.

Sarufi inasaidia hapa: kinachoelekezwa ni ombi, kinachoandikwa ni anwani. *Ombi limeelekezwa upya* na *anwani imeandikwa upya* ni matumizi yanayofaa. *Anwani imeelekezwa upya* humwacha msomaji asijue ni lipi kati ya mambo hayo mawili lililofanyika.

Wa kudumu, wa muda. Kivumishi hiki kisiachwe. Misimbo 301 na 308 ni ya uelekezaji wa kudumu. 302 na 307 ni ya uelekezaji wa muda. Kivinjari huruhusiwa kuukumbuka uelekezaji wa kudumu, hivyo baadhi ya wageni wanaweza kuendelea kupelekwa mahali pasipo hata baada ya kosa kurekebishwa kwenye seva. Mwanafunzi anayefanya majaribio na mwongozo uliomwambia tu “elekeza upya kwa 301” hakuonywa. *Wa milele*, kwa upande mwingine, ni kupita kiasi: kinachodumu ni nia ya mwenye tovuti.

Tahadhari. Katika seva ya Apache, amri RewriteRule ya moduli mod_rewrite ina jina la kuandika upya, lakini ikiambatishwa alama R huelekeza upya, tena kwa 302 isipotajwa tarakimu nyingine. Linganisha mistari hii ya faili la .htaccess:

RewriteRule ^neno/([a-z]+)$ /tafuta.php?neno=$1 [L]
RewriteRule ^maneno/([a-z]+)$ /neno/$1 [R=301,L]

Mstari wa kwanza huandika upya: aliyeomba *neno/jahazi* huendelea kuiona anwani hiyo, ingawa kazi inafanywa na *tafuta.php*. Wa pili huelekeza upya: aliyeomba *maneno/jahazi* huiona anwani ikigeuka kuwa *neno/jahazi*. Majina ya amri hayatafsiriwi. Maelezo yake ndiyo hutafsiriwa, nayo yafuate alama za mwisho wa mstari, si jina la mwanzo.

Katika Nginx, *return 301* huelekeza upya. Amri *rewrite* kwa kawaida huandika upya, lakini ikimalizwa kwa neno *permanent* huelekeza upya kwa 301, na kwa neno *redirect* huelekeza kwa 302.